Albamu ya pili ya Freddie Mercury ni ipi hasa? Mgeni kaniuliza nikajibu upuuzi

mtembezi_shangani

Assalam alaykum wadau. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe huu mwaka wa saba, na kama mjuavyo ukifanya kazi hii mjini huwezi kumkwepa Freddie, kila kundi lazima lisimame pale Shangani kwenye makumbusho yake watu wapige picha. Maneno yangu nnayajua kama Alhamdu: jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa 5 Septemba 1946 hapahapa Unguja, Mparsi, baba yake keshia wa Mahakama Kuu, akapelekwa India skuli ya bweni Panchgani, yakaja Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza, akawa muimbaji wa bendi ya roki ya Queen, akafariki 24 Novemba 1991. Namalizia na ile Bismillah ya kwenye Bohemian Rhapsody, wageni wanacheka, haoo tunateremka Forodhani.

Sasa juzi nlikuwa na mama mmoja wa Kihispania, mtu mzima, kavaa kofia ya ukili alonunua Gizenga na bei bado inaning'inia kwa nyuma. Muda wote kimya, anasikiliza tu. Nlipomaliza akaniuliza kwa Kiingereza cha pole pole, eti albamu yake ya pili weye unaionaje? Mie bila ya kufikiri nkamwambia Queen II, ya 1974, nzuri sana, ina Seven Seas of Rhye. Akanitabasamia vile mwalimu wa chuoni anavyomtabasamia mtoto alochupa aya. Akasema siyo ya bendi, yake yeye mwenyewe. Halafu wallahi kasimama pale njiani mbele ya wauza viungo akaimba neno moja tu, "Barcelonaaa", sauti imepanda mpaka mtu wa duka la pili katoka nje kutizama kulikoni. Mie uso ukanishuka.

Nnachotaka kujua: hio Barcelona kweli ndo albamu yake ya pili? Mana nimeitafuta naona ina majina mawili, lake na la mwanamke. Na ilipokewaje ilipotoka, kwa sababu mmoja kanambia ilifeli vibaya mwengine kanambia ndo kazi yake kubwa kupita zote. Na jengine, mtu wa roki kaingiaje kwenye opera? Nijibuni kwa Kiswahili tafadhali, msinitupie malinki ya kurasa ishirini, bando langu nalijua mwenyewe.

BintiVuga

Waalaykum salaam mwanangu. Usijione mjinga, hilo la Queen II wengi wanaliteleza, na kwa hakika ukihesabu ya bendi hukukosea.

Ila mama wa watu kakuuliza la yeye peke yake. Freddie nje ya Queen katoa albamu mbili tu za studio. Ya kwanza Mr. Bad Guy, 1985, karekodi Munich, ya kuchezeka chezeka ile, Uingereza ilifika namba 6. Ya pili ndo hio Barcelona, imetoka Oktoba 1988, kaimba na Montserrat Caballé, muimbaji mkubwa wa opera wa Kihispania, soprano, yaani wa sauti ya juu kabisa, mzaliwa wa mji huohuo wa Barcelona. Sasa kwa kuwa ni ya watu wawili wapo wanaosema isihesabike kuwa ni yake, mie hilo naliona ubishi wa barazani. Nyimbo kazitunga yeye na mpiga kinanda wake Mike Moran, uprodyuza kafanya yeye na Moran na David Richards, kila pembe ya kazi ile ana mkono wake. Ni yake. Na ya Caballé pia, lakini ni yake.

Nilikuwa Uingereza miaka hio, nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, redio inakaa juu ya friji. Ule wimbo wenyewe Barcelona ulitangulia kutoka, mwishoni mwa 1987, mwaka mzima kabla ya albamu. Mara ya kwanza kuusikia nikadhani redio imegongana stesheni mbili! Wallahi nilikwenda kuigusa mshale. Mwanamme anaimba kama wa roki, mara mwanamke anatoka na sauti ile ya opera, halafu makengele. Mpishi wetu, Mwairishi, akanambia iache iache. Ulifika namba 8 kule, kwa hio watu waliupenda, tusije tukasema haukupendwa. Ilipokuja albamu yenyewe ndo ikapoa. Namba 25, na singo zilizofuata hazikutamba.

Kwa nini kaingia opera ntakwambia baadae, nna mboga motoni.

roki_kisiwani

Mimi napiga gitaa la umeme Unguja, yaani ni kama kuuza makoti ya baridi Nungwi, kwa hio nikiona uzi wa roki huku siulazii damu.

Kaka mtembezi, jibu la kweli ni kwamba mashabiki wa roki hawakuielewa na wa opera walimkunjia uso yule Caballé. Jiweke wewe 1988. Mwaka 1986 umeshamuona huyu mtu na Queen, Wembley watu wamejaa pomoni, kavua shati, kashika kijiti cha maiki, mara ya mwisho na bendi Knebworth 9 Agosti. Halafu kimya. Unasubiri albamu ya Queen, unaletewa jamaa kavaa suti na tai ya kipepeo kasimama na mama wa opera wanaimbiana Kihispania. Magitaa hakuna. Mie nimesikiliza nyimbo zote nane, gitaa la maana la kukuchana hakuna hata moja, ni mapiano na vinanda na kwaya. Hata leo ukimpa mtoto anayependa Queen anasikiliza dakika mbili anasema hii ya kanisani.

Sisemi mbaya. Nasema kaitoa kwa watu ambao hawakuja kuisubiri hio.

Wimbo mmoja naupenda, How Can I Go On, na mnajua kwa nini? Besi kapiga John Deacon, yule mkimya wa Queen. Isikilizeni kwa hedifoni muone besi inavyotembea chini kwa chini kama mtu anapita ukumbini usiku hataki kuamsha watu. Hapo ndo Queen imechungulia dirishani.

mkarafuu_wete

Yakhe nyie watu wa Unguja mna kazi. Mtu kaondoka hapa na miaka 17, hakurudi, kafanya mambo yake huko, leo mmemfanyia makumbusho mmemfanyia mkahawa, na kila mtembeza wageni anamsema kama walicheza nage pamoja. Mwaka 2006 walitaka kumfanyia sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu kuzaliwa, watu wa dini wakakataa ikavunjwa, nyie mmeshasahau. Hapa Pemba tuna wapiga ngoma ya msewe na hakuna mgeni hata mmoja anayetoka Uspania kutuuliza albamu ya pili.

Hio nyimbo nimeifungua lakini, kwa ajili ya huu uzi. Nlikuwa juu ya gari ya Chake, simu sikuvaa visikilizio, yule mwanamke alipopandisha dereva kapunguza mwendo kadhani katoa king'ora ni msafara wa kiongozi. Gari nzima imenitizama mie.

BintiVuga

@mkarafuu_wete umenichekesha mpaka nimekohoa. Ya sherehe tuyaache yana uzi wake.

Haya nimeepua. Habari ya opera ni hivi. Freddie tangu zamani akiipenda opera, alimuona Caballé jukwaani London akiwa na Pavarotti, akachanganyikiwa na ile sauti. 1986 akiwa Uspania na Queen kaulizwa kwenye televisheni muimbaji gani wa Kihispania anampenda, kamtaja huyo. Watu wa Caballé wakasikia, wakakutanishwa Machi 1987, hoteli ya Ritz kulekule Barcelona. Huyu bwana alosimama mbele ya watu laki Knebworth, siku hio anatetemeka! Kampelekea kaseti, ndani yake kaimba yeye mwenyewe kwa sauti ya kike, kamuigiza Caballé. Yaani hebu fikirini, unakwenda kwa Siti binti Saad na ukanda wa weye unamuigiza Siti. Bibi Caballé akaupenda wimbo ule. Mwezi haujesha kauimba jukwaani Covent Garden, Mike Moran kampigia piano. Baadae ukatiwa maneno ya Kihispania, ndo huo Ensueño wa kwenye albamu, maneno kaandika Caballé mwenyewe.

Freddie alikuja na nia ya wimbo mmoja, bibi akataka albamu nzima. Na akataka mji wake uimbwe, ndo ukatoka Barcelona.

Sasa tabu ilikuwa wakati. Bibi ratiba yake imejaa miaka mbele, leo yuko nchi hii kesho ile. Kwa hio Freddie akirekodi wimbo wote, sehemu yake kwa sauti yake na sehemu ya bibi kwa ile sauti ya kike ya kuigiza, anapelekewa bibi anaisoma, akipata nafasi anaingia studio anaiweka ya kwake juu ya pale. Ndo imechukua mwaka na zaidi.

Na katika huo mwaka, mwanangu, ndo kaambiwa ana virusi vya ukimwi. 1987. Watu hawakujua mpaka 23 Novemba 1991, siku moja kabla hajafa. Mie nilipojua nikairudia ile kaseti kuanzia mwanzo. Guide Me Home. Siku ile jikoni nilikuwa nauona wimbo wa kubembeleza tu.

fidla_ya_tatu

Salamu zenu. Mimi mtu wa taarab asilia, fidla, miaka 22 nakaa kiti cha tatu kutoka kushoto na sijapandishwa, ndo hilo jina. Sikuwa nachangia lakini hapa limetajwa jambo bila kutajwa.

Bwana roki kasema hakuna magitaa. Kweli. Lakini hata okestra hakuna! Hio ndo ajabu ya albamu ile, mtu kamchukua malkia wa opera halafu nyuma yake kamuwekea kibodi. Nyingi ya zile fidla na tarumbeta unazozisikia ni vidole vya Mike Moran, wapigaji wa kweli ni wachache wachache tu. Sie hapa tunalijua vizuri jambo hili kwa sababu tumelipitia wenyewe. Zamani harusi ikiitwa taarab unakuja watu ishirini na ushei, fidla, kanuni, udi, kodiani, nai, dabalbesi, unajaza gari la mizigo. Zikaja rusha roho, kibodi moja na gitaa la besi na maspika, bei nusu. Tukakaa nyumbani. Kwa hio nikisikia fidla ya kibodi mie mwili unanisisimka kwa hasira, siyo siri.

Sasa mwaka 2012 wenyewe wakaona aibu, wakaitoa upya. Bwana mmoja Stuart Morley kakaa kaandika nota zote kwa okestra, wakapiga watu wa Prague, watu kama 80 hivi, kibodi zikaondoshwa, sauti za Freddie na Caballé zikaachwa vilevile. Utadhani mie nitashangiria. Kijana wangu kanipakulia zote mbili kwenye simu, nimezisikiliza wiki nzima kwenye kibaraza baada ya isha, moja masikio haya nyengine masikio haya.

Nimeipenda ya kibodi. Msinipige.

Ntakwambieni sababu. Sie tukipiga, muimbaji mbele, tunamtizama bega. Akitaka kuvuta pumzi ndefu bega linapanda, na sie upinde tunausimamisha hewani, hatuugusi uzi mpaka ashushe. Akichelewa tunachelewa. Na yeye akisikia fidla zimelia vizuri anajizungusha anarudia beti, hata haikupangwa. Ni mazungumzo. Ile ya 1988, kibodi tupu sawa, lakini Freddie yupo chumbani, Moran yupo chumbani, wanasikilizana. Unasikia Freddie anakandamiza neno na kinanda kinampisha. Ya 2012 wapigaji 80, mashaallah, wazuri kuliko sie mara mia, lakini wanamfuata mtu alokufa miaka 20 nyuma. Wao wanamsikia, yeye hawasikii. Hakuna bega.

BintiVuga

Fidla umesema maneno, lakini mie sikubali. Ile ya kibodi leo ukiisikiliza ina ule mlio wa bati wa miaka ya themanini, kama bakuli la plastiki lilowekewa biriani ya harusi. Ya 2012 biriani imetiwa kwenye sinia yake. The Fallen Priest hasa, ule wenye maneno ya Tim Rice, wanavyojibizana mule, padri na mwanamke, kwa kibodi nilikuwa naupitisha mbele. Kwa okestra nilikaa chini. Hata The Golden Boy, nao pia maneno ya Tim Rice, ile kwaya ya gospeli inapoingia sasa ina kitu cha kuegemea.

fidla_ya_tatu

The Fallen Priest nakupa. Mengine nimeshikilia.

Na nyie mnaojua taarab, mmeona kituko cha mwisho wa ile kaseti? Wimbo wa mwisho unaitwa Overture Piccante. Overture ni bashrafu, ile tunayopiga mwanzo kabla muimbaji hajasimama, watu wakae vizuri wamalize kahawa. Huyu bwana bashrafu kaiweka mwisho kabisa! Na ukiisikiliza imefumwa kwa vipande vya nyimbo zilizotangulia. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu kweli ndo yule alokuwa akifanya mambo kinyume makusudi.

roki_kisiwani

Hapo kwenye bashrafu nimejifunza. Ila mtembezi kauliza ilipokewaje na hatujamaliza, kwa sababu iliishi mara mbili.

Oktoba 8, 1988 walifanya onyesho kubwa Barcelona la kupokea bendera ya Olimpiki, mfalme Juan Carlos na malkia Sofia wamekaa mbele. Wakaimba tatu, Barcelona ikiwemo. Na nisifiche, sauti ilikuwa ya ukanda, midomo tu ndo ilokuwa laivu. Ukiitizama video leo, ukijua hali yake, unaona mtu kasimama sana, hazunguki, yule wa Wembley hayupo. Hio ndo ilikuwa mara yake ya mwisho kutumbuiza jukwaani mbele ya watu. Kwa hio mtu wa roki anayesema hana haja na albamu hii ajue ndo nyimbo alizoagia nazo jukwaa.

Mpango ulikuwa 1992 Olimpiki yenyewe ikifika Barcelona waimbe wote wawili. Yeye hakufika. Wimbo ukatolewa tena mwaka huo na ukapanda mpaka namba 2 Uingereza, albamu nayo ikarudi ikafika 15. Hesabu hio: akiwa hai 25, akiwa kafa 15. Mie inaniudhi. Kaseti ileile, sauti ileile, neno halikuongezwa, ila mtu keshazikwa... samahani hakuzikwa alichomwa, ila keshaondoka, na televisheni zinapiga wimbo kila siku kwa ajili ya Olimpiki, ndo watu wakagundua kumbe tamu.

mkarafuu_wete

Wanaadamu ndivo walivyo yakhe, hata babu akiwa hai kitanda hakitandikwi.

Lakini nnalo swali mie. Hii nyimbo mbona naijua? Nilipoifungua kwenye gari nikasema nishaisikia mahala na mie redio ya kizungu sisikilizi.

roki_kisiwani

Unashabikia timu gani?

mkarafuu_wete

Man U. Tangu 1996. Inahusiana vipi?

roki_kisiwani

Fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 1999, Camp Nou, Barcelona, na Bayern. Kabla ya mpira kuanza yule mama Caballé katoka uwanjani kauimba, na Freddie yuko kwenye skrini kubwa wanapokezana. Umeisikia hapo wewe.

mkarafuu_wete

LA ILAHA ILLALLAH.

Nlikuwa Wete kibandani, televisheni ya inchi 14, jenereta ya kukodi, watu tumepandana hadi mlangoni. Kweli alikuwepo mama mnene anaimba, sie tunapiga kelele mtoweni huyo mpira uanze!! Mtu mmoja karusha kandambili. Dakika 90 tumefungwa moja, watu washaanza kutoka, Sheringham, Solskjaer, jenereta inazimika inawaka, nikalia. Kumbe ndo alikuwa yeye. Miaka yote hii namsikia Freddie Freddie kumbe kaimba mwanzo wa usiku bora wa maisha yangu na mie namwambia atoke.

Nafuta nusu ya maneno yangu ya mwanzo. Nusu tu. Ya msewe yabaki.

BintiVuga

Hahaha kandambili iliruka kwa niaba ya Pemba nzima. Caballé wa watu naye keshatangulia, kafariki Oktoba 2018.

Mtembezi mwanangu uko wapi, umewasha moto umekimbia?

mtembezi_shangani

Nipo, nlikuwa na kundi la meli tangu asubuhi, miguu inawaka. Nimeusoma uzi wote nikiwa nasubiri urojo pale, umepoa mkononi.

Jana usiku nimeisikiliza yote nane, ile ya 1988 kama alivosema mzee fidla, kwa sababu ya 2012 bando liliishia wimbo wa pili. Ntakuwa mkweli, La Japonaise sikuifahamu kabisa, anaimba Kijapani mle ndani, nikasema hata sie zamani taarab iliimbwa Kiarabu na nusu ya watu ukumbini hawafahamu neno, lakini watu wanatikisa vichwa. Nikatikisa. Guide Me Home nimeirudia mara nne. Ndugu yangu tunalala chumba kimoja kanambia zima hio au nenda kalale msikitini.

Sasa leo lile kundi, wengi wao Waingereza, nimefika palepale Shangani nikabadilisha maneno. Badala ya Bismillah nkawauliza mie, albamu yake ya pili nani anaijua? Watu thalathini kasoro, kimya. Mmoja nyuma akasema Queen II! Nikamtabasamia.

Nikawapa habari ya hoteli ya Ritz na ile kaseti ya kumuigiza bibi, wamependa, nimeona simu zimeshushwa watu wanasikiliza, na ile ya bega nimeiiba mzee fidla unisamehe. Swali moja tu nimekwama tena. Kabibu mmoja kaniuliza, huyu wakati anaimba mji wa wenzake namna ile kwa mapenzi yote, mji wake wa kuzaliwa kautungia nyimbo gani? Nikamwambia twendeni kule nikuonesheni milango.

fidla_ya_tatu

Bega nimekupa bure. Hilo la kabibu usilijibu haraka haraka, mrudishie yeye swali, mwambie aisikilize tena Guide Me Home halafu akwambie ni nyumbani gani.

mkarafuu_wete

Na akitaka milango ya kweli mlete Pemba. Nauli ya boti juu yake.